Uzi: Unahamia Uingereza? Tozo ya IHS, kipimo cha kifua kikuu, kujisajili kwa GP na faili lako la hospitali

Mshika Faili (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Barua za udahili zikianza kutoka, watu huuliza viza, tiketi na chumba. Afya inakumbukwa siku ya kufunga begi, na hapo hakuna daktari wa kukuandikia chochote. Naweka mambo yote sehemu moja kwa anayetoka Tanzania au Kenya na viza ya zaidi ya miezi sita, awe mwanafunzi, mfanyakazi au mtegemezi.

Shika hili kwanza: kulipa tozo ya afya hakukusajili kwa GP (daktari wa kawaida wa mtaa unaoishi) wala kwa daktari yeyote, na hakuna hospitali ya huku itakayotuma faili lako kule. Tozo inakupa haki tu. Kujisajili ni kazi yako, na faili unalibeba mwenyewe.

Tozo ya IHS. Ni tozo ya afya ya wahamiaji, inayokupa haki ya kutumia NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Inalipwa mtandaoni wakati wa kujaza maombi ya viza, kwa mkupuo mmoja, kwa muda wote wa viza. Tangu 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Mwanafunzi, mtegemezi wa mwanafunzi na mtoto wa chini ya miaka 18 ni pauni 776.

Hesabu inawapiga chenga wengi kwa sababu wanahesabu urefu wa kozi, wakati mfumo unahesabu urefu wa viza. Kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi minne mwishoni na hadi mwezi mmoja mwanzoni. Ukishapita mwaka kamili, kipande kisichozidi miezi sita kinalipiwa nusu mwaka, kikizidi kinalipiwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtu wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja analipa 776 + 388 = pauni 1,164. Anayekwenda kwa ajira ya kawaida ya miaka mitatu analipa 3,105.

Wa PhD ya miaka minne ndiye akae na kalamu vizuri. Viza inafika miaka minne na nusu kwa hesabu yao, yaani pauni 3,492 kwa kila kichwa. Baba, mama na watoto wawili ni pauni 13,968, tena kabla hujagusa ada ya viza. Kumbuka pia kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kozi za kufundishwa hawaruhusiwi kuja na wategemezi, kwa hiyo hesabu ya familia inawahusu zaidi wa utafiti.

Hela inakwama wapi? Kwenye kadi ya benki. Kadi nyingi za huku zina kikomo cha malipo ya mtandaoni kwa siku, na pauni elfu moja inakivuka. Nenda tawini siku mbili kabla, omba kikomo kipandishwe na malipo ya nje yafunguliwe, na acha salio la ziada, maana kiwango cha kubadilisha fedha wanachotumia si kile ulichokiona kwenye ubao wa benki yako. Malipo yakipungua wanakutumia barua pepe, na ukiwa nje ya Uingereza unapewa siku saba za kazi kukamilisha. Ukizubaa, maombi hayaendelei. Soma barua pepe kila siku, na folda ya taka pia.

Viza ikikataliwa tozo inarudishwa kwenye kadi uliyolipia. Ada ya viza hairudi. Kwa hiyo usiifunge kadi wala akaunti hiyo mapema.

Wenye viza ya wahudumu wa afya, wauguzi kwa mfano, hawalipi IHS, wao na wategemezi wao. Na aliyelipa akiwa na viza nyingine inayoruhusu kazi, kisha akafanya kazi za afya au utunzaji kwa wastani wa saa 16 kwa wiki kwa miezi sita, ana nafasi ya kuomba kurudishiwa ya miezi hiyo. Tunza hati zako za mshahara zote.

Tozo haigusi nini. Haikugharamii safarini. Haigharamii kupandikiza mimba. Na hili nalisema kwa uzito: haigharamii kurudisha mwili nyumbani. Mara nyingi michango ya misiba inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya jambo hilihili. Kata bima ya safari yenye kipengele cha kusafirisha mwili, soma kiwango cha juu kilichoandikwa, na mwachie ndugu mmoja nyumbani namba ya mkataba wa bima.

Kifua kikuu. Anayetoka Tanzania au Kenya kwa zaidi ya miezi sita lazima apime kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Dar es Salaam na Nairobi ni kliniki za IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji). Cheti cha hospitali nyingine, hata iwe kubwa vipi, hakipokelewi. Unapigwa eksirei ya kifua, na ikiwa safi unapata cheti kinachodumu miezi sita tangu siku ya eksirei. Kinatakiwa kiwe hai siku unayotuma maombi.

Eksirei ikionyesha kivuli unatoa makohozi mara tatu, siku tatu mfululizo, na majibu ya kuotesha huweza kuchukua hadi wiki nane. Ndiyo maana nasema pima miezi mitatu kabla. Ukipima mapema mno cheti kinakufia mkononi, ukichelewa makohozi yanakula muhula. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona aende na kadi ya matibabu na filamu za zamani, ili daktari alinganishe kovu la zamani na la sasa. Mjamzito aseme kabla hajaingia chumba cha eksirei.

---

Kadi ya Kliniki

Ahsante mkuu kwa uzi. Niongezee upande wa faili, maana hapo ndipo watu wanapoumia kimyakimya.

Usiende masjala kuomba "faili langu". Utaambiwa faili ni mali ya hospitali, na karatasi kweli ni zao. Taarifa zilizomo ndizo zako. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ipo ya 2019, na zote zinakupa haki ya kuzipata. Unachoomba ni ripoti ya kitabibu, iliyoandikwa na daktari anayekutibu, kurasa moja au mbili, yenye mhuri, tarehe na namba yake ya usajili. Omba wiki sita kabla ya safari, kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ukiomba kwa mdomo dirishani, hakuna aliyebeba jukumu la kukujibu.

Ripoti nzuri inasomeka hivi:

*Shinikizo la damu tangu 2019. Anatumia amlodipine 10 mg kidonge kimoja asubuhi, losartan 50 mg kidonge kimoja jioni. Kipimo cha mwisho 138/86. Aliwahi kupewa enalapril, ikaachwa kwa sababu ya kikohozi kikavu. Hana mzio wa dawa unaojulikana. Figo: kreatinini ya mwezi huu imeambatishwa.*

Tazama ile sentensi ya enalapril. Bila hiyo, daktari mpya anaweza kukuanzishia dawa ya kundi lilelile, ukakohoa miezi miwili, ukapimwa kifua upya. Dawa zilizokushinda ni muhimu sawa na zinazokufaa, na karibu kila ripoti inaziacha. Mkumbushe daktari.

Majina ya dawa yawe ya kitaalamu (generic), si ya kampuni. Jina lililoandikwa kwenye boksi kutoka India halitafutiki kwenye kompyuta ya Leeds. Kipimo kiwe kwa miligramu. "Kidonge kimoja kutwa mara mbili" bila miligramu hakimwambii mtu kitu.

Halafu majina yako wewe. Kadi ya hospitali inasema Mohamedi Juma, pasipoti inasema Mohamed Juma Ally, majibu ya maabara yameandikwa Mudi J. Kule wanakutafuta kwa jina la ukoo lilivyo kwenye pasipoti pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Karatasi yenye jina tofauti hawalazimiki kuamini ni yako. Ripoti mpya iandikwe kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi, na daktari aongeze sentensi moja kwamba kumbukumbu za zamani zenye jina lile ni za mtu huyuhuyu.

Picha za CT, MRI na eksirei: omba faili zenyewe za DICOM (muundo wa picha unaosomwa na kompyuta za hospitali) kwenye CD. Picha ya simu ya filamu iliyobandikwa dirishani haisomeki, kivuli cha kidole kinageuka uvimbe. Ifungue CD hapohapo hospitali kabla hujaondoka, zipo zinazotoka tupu. Ukifika nyumbani hamishia kwenye flashi na kwenye barua pepe yako, maana kompyuta nyingi za sasa hazina pa kuingiza CD.

Wenye kisukari: sukari ya kidoleni kule wanatumia mmol/L kama kwetu, hapo hamna tatizo. HbA1c ndiyo tofauti. Sisi tumezoea asilimia, wao wanatumia mmol/mol: asilimia 6.5 ni 48, asilimia 7 ni 53. Ukiambiwa "53" usidhani ni janga.

---

Binti Pangani

Mungu awabariki. Naomba mwongozo kwa wenye siko seli, na kwa ndugu zetu walio kwenye dawa za CTC (kliniki za VVU). Hawa hawawezi kuuliza hadharani.

---

Kadi ya Kliniki

Dada Binti Pangani, umefanya vema kuuliza.

Siko seli: beba majibu ya kipimo cha aina ya himoglobini, yaani SS, SC au vinginevyo. Kisha omba daktari aandike himoglobini ya kawaida yako ukiwa mzima. Mtu wa SS anaweza kuishi na 7 au 8 (g/dL) bila shida. Daktari wa zamu ambaye haijui namba hiyo ataona himoglobini iko chini na kufikiria kuongeza damu usiyoihitaji. Andika tarehe zote za kuongezewa damu na kama kuliwahi kutokea mwitikio mbaya, kwa sababu kila kuongezewa kunaweza kuacha kinga za mwili zinazofanya chupa ijayo iwe ngumu kulinganisha. Dozi ya haidroksiurea kwa miligramu, na chanjo za nimonia na uti wa mgongo ulizopata. Ukifika, mwombe GP akupe rufaa ya kliniki ya damu hata kama huumwi. Ukiwa tayari kwenye daftari lao, siku ya maumivu makali hupotezi muda kujieleza.

CTC: viza ya Uingereza haidai kipimo cha VVU. Matibabu ya VVU kule ni bure kwa kila mtu, awe na viza yoyote, tangu 2012. Kliniki za VVU na za afya ya uzazi zinampokea mtu moja kwa moja bila kupitia GP. Omba kliniki yako barua ya uhamisho, majibu ya mwisho ya wingi wa virusi, CD4 (kipimo cha kinga ya mwili) ya chini kabisa iliyowahi kurekodiwa, na historia ya dawa zote ulizowahi kubadilishiwa na sababu yake. Usiandikiwe "TLD" peke yake. Iandikwe tenofovir disoproxil 300 mg, lamivudine 300 mg, dolutegravir 50 mg. Omba dawa za miezi mitatu. Kule wanaweza kukupa vidonge vya umbo na majina mengine, pengine viwili badala ya kimoja, na hiyo haimaanishi dawa zako zimeshindwa.

---

Mfamasia wa Zamu

Upande wa kubeba dawa.

Kila dawa ikae kwenye boksi lake lenye lebo, ndani ya begi la mkononi. Begi kubwa likipotea, linapotea na dawa zako za presha. Insulini isiingie kwenye mizigo ya chini hata siku moja, baridi ya kule inaigandisha, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Dawa zinazodhibitiwa, kama tramadol, codeine, diazepam na morphine: kuingia Uingereza na chini ya miezi mitatu unahitaji barua ya daktari yenye jina lako, nchi unakokwenda na tarehe, jina la kila dawa, dozi na jumla ya vidonge, pamoja na saini. Kuanzia miezi mitatu kwenda juu unahitaji leseni, kwa hiyo beba pungufu. Na angalia njia. Wengi wetu tunapita Dubai. Falme za Kiarabu zinadhibiti tramadol na codeine kwa ukali, na ukitaka kutoka nje ya uwanja kulala unatakiwa uwe na kibali chao cha mtandaoni kabla ya safari. Kama dawa ina mbadala usiodhibitiwa, zungumza na daktari akubadilishie mwezi mmoja kabla, uone mwili unavyopokea ukiwa bado nyumbani.

Ukifika, sahau habari ya kuingia duka la dawa na kutoka na amoksilini. Kiuavijasumu bila cheti cha daktari hakiuzwi. Ila England tangu 31 Januari 2024 mfamasia mwenyewe anaruhusiwa kutibu mambo saba bila kumwona GP: koo, sikio, sainasi, UTI isiyo na matatizo kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64, mkanda wa jeshi, ngozi yenye vidonda vya impetigo, na kung'atwa na wadudu kulikopata maambukizi. Wageni wengi hawalijui hili wanasubiri miadi wiki nzima.

Bei: England kila dawa iliyoandikwa ni pauni 9.90, kiwango kilichowekwa Mei 2024. Ni kwa kila dawa, si kwa kila cheti. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hulipi. Wenye kisukari cha vidonge au insulini, kifafa cha dawa za kila siku, au wanaotumia levothyroxine wanajaza fomu FP92A kwa GP na kupata dawa zote bure, hadi za mafua. Mjamzito naye anapata msamaha akiombewa na mkunga au daktari wake, na unaendelea miezi 12 baada ya kujifungua. Siko seli, pumu na presha hazimo kwenye orodha ya msamaha. Kwangu huo ni uonevu kwa mgonjwa wa siko seli, lakini ndivyo ilivyo. Wao wanunue cheti cha malipo ya awali: pauni 32.05 kwa miezi mitatu au 114.50 kwa mwaka, na cha mwaka unaweza kukilipa kidogokidogo. Ukitumia dawa mbili kwa mwezi tayari kimekulipa. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo ajaze fomu HC1. Akipewa cheti cha HC2, dawa, meno na kipimo cha macho ni bure, na miwani anapewa vocha ya kuchangia bei.

Meno tengeneza nyumbani. Kupata daktari wa meno wa NHS anayepokea wagonjwa wapya ni kazi, na kwa bei za Aprili 2025 kuziba au kung'oa ni pauni 75.30, taji ni 326.70. Miwani pia, beba mbili na karatasi ya vipimo vya macho.

---

Jirani wa Uhuru Park

Kwa Wakenya: SHA (bima ya afya ya umma ya Kenya) ilichukua nafasi ya NHIF 1 Oktoba 2024, na mchango wa mwajiriwa ni 2.75% ya mshahara, hukatwa na mwajiri. Ukiacha kazi ili uende, makato yanakoma, na mke na watoto waliokuwa wamesajiliwa chini yako wanabaki bila mchangiaji. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, mwenzako ajisajili kama mchangiaji kwa jina lake na watoto wahamishiwe kwake. Mhakikishe kwenye simu kwamba majina ya watoto yanaonekana upande wake. Kugundua kosa hili kwenye dirisha la wodi ya watoto saa nane usiku ni mateso ambayo fomu ya dakika kumi ingeyaepusha.

---

Mama Salha

Jamani watoto wetu na kadi zao za kliniki? Kadi imeandikwa Kiswahili.

---

Kadi ya Kliniki

Mama Salha, shikamoo. Tengeneza karatasi moja ya jedwali, chanjo kwa Kiingereza na tarehe kamili, igongwe mhuri kliniki. Muuguzi wa kule hajui dondakoo, kifaduro wala pepopunda, na akiona "Penta 3" hajui mara moja ndani mna nini. Andika zote tano kwa Kiingereza: diphtheria (dondakoo), pertussis (kifaduro), tetanus (pepopunda), hepatitis B (homa ya ini B) na Hib, kwa wiki ya 6, 10 na 14. Usitegemee nakala ya picha peke yake, beba kadi halisi.

Mambo mawili yatawashangaza. Chanjo ya surua ya miezi 9 hawaihesabu, kwa sababu ilitolewa kabla ya mwaka mmoja. Na yetu ni surua na rubela tu, ya kwao ina matumbwitumbwi pia. Kwa hiyo mtoto mwenye kadi kamili kabisa bado ataitwa kuchanjwa. Mpelekeni, haina madhara kurudia, na ni bure. Kovu la BCG begani mwonyesheni muuguzi na aliandike.

Mjamzito anayesafiri asiiache kadi yake ya kliniki: kundi la damu na Rh, majibu ya VVU, kaswende na homa ya ini B, na ultrasound ya mapema kabisa yenye tarehe, maana hiyo ndiyo inayoamua umri wa mimba.

---

Mama Salha

Marahaba mwanangu. Na sisi wazazi tukija kuwasaidia kulea?

---

Mshika Faili

Mama, hapo nawasihi kabisa. Viza ya kutembelea haina IHS. GP anaweza kukuona bure, na huduma ndani ya chumba cha dharura ni bure, lakini ukishalazwa wodini, bili inakuja kwa asilimia 150 ya gharama ya NHS. Kwa matibabu yasiyo ya haraka wanadai hela mbele. Deni la pauni 500 au zaidi lililokaa miezi miwili linapelekwa uhamiaji, na linaweza kukwamisha viza yako ijayo. Mzazi mwenye presha au sukari akatiwe bima ya safari inayotaja ugonjwa huo kwa jina. Bima ya bei poa huandika kwa maandishi madogo kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla haugharamiwi, na ndio huohuo utakaomlaza.

---

Kata ya Tano

Mkuu, kujisajili kwa GP unaanzaje? Wengine wanaambiwa walete bili ya umeme, na mgeni wa wiki moja hana.

---

Mshika Faili

Ingia tovuti ya NHS, weka msimbo wa posta wa unapoishi, utaona vituo vinavyopokea eneo lako. Jaza mtandaoni au fomu ya karatasi. Fanya wiki ya kwanza, ukiwa mzima.

Bili ya umeme si sharti. Mwongozo wa NHS England unasema kituo hakiwezi kukukatalia kwa kukosa kitambulisho au uthibitisho wa makazi. Mpokeaji akikataa, mwambie kwa upole: "Naomba sababu kwa maandishi." Wanatakiwa kuitoa, na mara nyingi fomu inapokelewa hapohapo. Utapata namba ya NHS yenye tarakimu 10. Iandike kwenye karatasi uitunze pamoja na pasipoti, ni yako maisha yote hata ukihama mji.

Kwenye fomu kuna kisanduku cha mahali pa kuzaliwa na tarehe ya kuingia Uingereza. Usikiruke, ndicho kinachosaidia wasikuchanganye na mwenye jina kama lako. Ripoti zako wape nakala, asili baki nazo, na omba ziingizwe kwenye kumbukumbu zako. Omba miadi ya dawa za kudumu mara tu usajili ukikubaliwa. Ulizobeba za miezi mitatu zinaisha haraka kuliko unavyodhani. Namba za kukariri: 111 kwa ushauri, 999 kwa dharura.

---

Mfamasia wa Zamu

Niongeze malaria. Homa yoyote ndani ya mwaka wa kwanza, hasa miezi mitatu ya mwanzo, sentensi yako ya kwanza iwe "nimetoka nchi yenye malaria, naomba nipimwe leo." Wao wakiona homa na kutetemeka mwezi wa Novemba wanafikiria mafua. Na kipimo kimoja kikiwa hasi hakijamaliza kazi: kinarudiwa baada ya saa 12 hadi 24, kisha tena baada ya saa 24 nyingine. Dawa mseto tunayoijua ipo, lakini hospitali.

Ukikaa nje mwaka au miwili, kinga uliyokuwa nayo inapungua sana. Ukija likizo Tanga au Kisumu unahitaji dawa za kujikinga kama mgeni yeyote, na chandarua. Watoto waliozaliwa kule ndio kabisa, hawana kinga hata kidogo.

---

Binti Pangani

La mwisho wakuu: ukimaliza masomo, faili la kule unarudi nalo vipi?

---

Mshika Faili

Unaomba GP nakala ya kumbukumbu zako zote. Ni bure, na wana mwezi mmoja kukujibu. Hospitali uliyolazwa unaiomba kivyake, GP huwa na barua tu, hana picha wala majibu yote. Omba wiki sita kabla ya tiketi, na andika barua pepe yako binafsi, si ya chuo, maana ya chuo hufungwa na kiungo cha kupakulia kinakufia humo. Ya kwenye programu ya simu ya NHS pakua ukiwa bado kule: laini ya simu ya kule ikizimwa, msimbo wa kuingilia hautakufikia tena.